Farasi wa Kwatoni Hapandwi

Mtu akikuambia amefika Kwatoni, mwulize kwanza alipita upande gani wa barabara. Akisema alipita katikati, huyo hajafika, amesimuliwa tu. Katikati ya barabara za Kwatoni pamemwagwa mchanga laini unaochekechwa kila asubuhi, na mchanga huo ni wa farasi. Binadamu hupita pembeni, juu ya mawe, mmoja nyuma ya mwingine, na mwenye miguu mibovu hukaa nyumbani kwake. Mimi nilikwenda huko na mke wangu Salme. Haya ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, ingawa mengine natamani ningekuwa nimesimuliwa.

Ni mji mdogo wa kale, kusini kabisa mwa nchi, wenye nyumba nyeupe za nguzo ndefu na baraza pana ambazo hakuna anayezikalia. Tulikuwa njiani kwenda kwa mama yake Salme, ambako angejifungulia, na mimba yake ilikuwa imebakiza miezi miwili. Kupitia Kwatoni lilikuwa wazo lake. Bibi yake alimlea kwa habari za farasi wa mji ule, walivyokuwa wakikimbia hadi vumbi lao likaonekana mji wa pili, naye alitaka kuwaona kabla hajawa mama wa mtu na kukosa nafasi. Mimi sikupenda. Mimi ni mtu wa wasiwasi, mlango ukijibamiza kwa upepo nasimama wima. Lakini Salme alinicheka, na akinicheka huwa nakubali.

Tulipanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Bi Kibibi, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye mikono iliyochanjwachanjwa na nyasi. Yeye ndiye aliyetufundisha adabu za mji. Wakazi wa Kwatoni ni wa namna mbili. Kuna Watu wa Tandiko, ambao mababu zao walipanda farasi, na kila nyumba yao imetundika tandiko la kale sebuleni, mahali ambapo wengine hutundika picha ya marehemu baba. Halafu kuna Watu wa Majani, ambao mababu zao waliwalisha farasi hao, wakawaosha, wakawafunza, na wajukuu wao bado wanawalisha na kuwaosha. Watu wa Majani ni wengi mara kadhaa, lakini hawakai katika Baraza linalotawala mji, kwa kuwa humo hakuna nafasi ya mtu asiye na tandiko.

“Na asubuhi ukikutana na mtu, mwanangu,” Bi Kibibi alimwambia Salme, “usimwulize habari za nyumbani kwanza. Uliza farasi wamelalaje.”

“Naye atanijibu nini?”

“Atasema wamelala wima. Hapo ndipo unaweza kuuliza kama mkewe amepona.”

Salme alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilimwuliza Bi Kibibi daktari anakaa wapi, maana ndilo swali ninaloliuliza kila mji nikifika. Akasema madaktari wapo watatu, nikashusha pumzi. Kisha akaongeza kwamba wote ni wa farasi, na sheria inawakataza kumgusa binadamu wasije wakabeba ugonjwa zizini. Daktari wa watu alikuwapo zamani, lakini wagonjwa wake walikuwa wakilia, na farasi hawapendi kelele, hivyo akahamishiwa Bondeni, ng'ambo ya mto. Kwa miguu, kwenda na kurudi, ni safari ya kutwa.

“Na kwa farasi?” niliuliza.

Bi Kibibi alitazama mlango kabla ya kunijibu. “Kwa farasi, baba, mtu angerudi kabla jua halijapanda. Lakini hilo usiliulize nje ya nyumba hii.”

Jioni ile tulipelekwa kumwona Tufani, farasi mkuu wa mji. Aliyetupeleka ni Mkuu wa Zizi mwenyewe, Bwana Ghanima, mzee mtanashati, mwenye tumbo la kutosha na vyuma vya kuchokolea farasi vikilia kwenye visigino vyake kila akipiga hatua. Hakuwahi kupanda farasi maishani mwake. Alitueleza hilo kwa fahari, kama mtu anayetaja kwamba hajawahi kuiba.

Tufani alikuwa mweusi, mkubwa, anang'aa kwa mafuta, na mnene kupita kiasi. Alikuwa amewekwa kwenye chumba chenye mapazia. Bwana Ghanima alivua kofia, akatusimulia kwa sauti ya chini asili ya mji. Zamani, homa iliingia Kwatoni, na mtoto wa mwasisi akawa anakata roho. Mwasisi akarukia farasi wake, akapita msituni bila kusimama, akamleta daktari kutoka mbali, na mtoto akapona. Farasi yule ndiye babu wa Tufani. Kila mwaka, siku ya sikukuu, Tufani huvalishwa tandiko tupu na kuongozwa mjini kwa ngoma, kuikumbuka safari ile.

“Na huyu naye anakimbia hivyo?” Salme aliuliza.

“Nani, mama?”

“Tufani.”

Bwana Ghanima alitabasamu kwa huruma. “Tufani hakimbii. Tufani ni urithi.”

“Sasa nani humpanda?”

Wachungaji waliokuwa wakisugua sakafu waliacha kusugua. Bwana Ghanima alivaa kofia yake taratibu, akatueleza kwamba farasi wa Kwatoni hapandwi. Yule wa kwanza alipandwa ili hawa wasipandwe tena, na mtu atakayeweka mguu wake juu ya mgongo wa Tufani atakuwa amelikanyaga kaburi la mwasisi. Nilijaribu kuifuata hoja hiyo nikashindwa. Watu wote waliokuwapo walikuwa wakitikisa vichwa kukubali, nami nikatikisa changu.

Asubuhi iliyofuata Salme aliniamsha kwa kunishika mkono, akanibana mpaka kucha zikaingia. Shuka lilikuwa na damu. Bi Kibibi aliingia, akamtazama, akamlaza kwa ubavu, akanivuta hadi ukumbini. Sikuwa nimemwona bila kicheko tangu tufike.

“Mtoto anakuja, na hajakaa vizuri. Mimi nitafanya ninaloliweza, lakini hii si kazi ya mikono yangu peke yake. Anatakiwa daktari kabla ya adhuhuri.”

“Nakwenda sasa hivi. Nakimbia.”

“Ukikimbia utarudi magharibi. Nenda Baraza kaombe farasi. Wamekaa leo kwa ajili ya sikukuu. Lia, piga magoti, sema chochote. Nenda, baba!”

Nikaenda. Ndani ya mji hairuhusiwi kukimbia, farasi wasishtuke, basi nikatembea juu ya mawe yale kwa mwendo wa mtu aliyebanwa haja.

Ukumbi wa Baraza la Kwatoni hauna viti. Wajumbe hukaa juu ya matandiko yaliyofungwa kwenye magogo yenye miguu minne, miguu yao ikiwa ndani ya vikuku vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, na kila mmoja ameshika hatamu iliyofungwa ukutani. Anayekubali hoja hulegeza hatamu, anayekataa huivuta. Mtu asiye wa Tandiko hasemi nao ana kwa ana. Huelekea picha ya farasi wa kwanza iliyo ukutani na kuiambia shida yake. Basi mimi, mtu mzima, nilisimama nikaiambia picha ya farasi kwamba mke wangu anavuja damu, mtoto anataka kutoka kabla ya wakati, na ninaomba Tufani amlete daktari kutoka Bondeni. Nilidhani nikishasema hivyo, kwa watu waliojenga mji mzima juu ya habari ya farasi aliyemleta daktari, hakutakuwa na la ziada. Nilijidanganya.

Mjumbe wa kwanza alitaka kujua kama mke wangu ana ukoo wowote wa Tandiko, hata kwa mbali. Wa pili alisema hilo si muhimu. Muhimu ni kwamba mgonjwa wa mwasisi alikuwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa, na huyu wangu hajazaliwa, hivyo hatuna mfano wa kufuata. Wa tatu aliuliza kama Tufani akichoka leo, wageni wa sikukuu wataonyeshwa nini. Walisemezana kwa upole mkubwa, kila mmoja akimshukuru aliyetangulia. Kila sentensi yao ilipokwisha, mimi nilikuwa nikiona shuka lile.

“Jamani, anavuja damu!” nilisema, nikasahau kuelekea picha.

“Mgeni, tumekusikia,” alisema Bwana Ghanima kutoka juu ya tandiko lake. “Ndiyo maana tunajadili.”

Nikageuka niondoke. Heri kufika magharibi kuliko kutofika. Hapo ndipo ajuza mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, Bi Aridhia, wa ukoo wa mwasisi mwenyewe, akagonga gogo lake kwa fimbo.

“Nyinyi wanaume mnaogopa nini? Nimezaa mimi. Uchungu haungoji mtu amalize hotuba. Kama babu yangu angefanya kikao, leo tusingekuwa na mji wa kufanyia vikao. Mpeni farasi!”

Kisha hatamu moja ikalegea, na nyingine, na nyingine, mpaka zote zikaning'inia ukutani. Bwana Ghanima alikuwa akitokwa na machozi. Alitangaza kwamba Tufani atakwenda kumleta daktari, naye mwenyewe atampanda, na safari itafanywa kwa heshima zake zote. Nilibusu mikono yao mmoja mmoja. Nilimbusu hata yule aliyetaka ukoo. Neno lile la heshima nililisikia, likapita.

Kwanza kwato zilipakwa mafuta. Kisha singa zikasukwa, mashada ya maua yakafungwa, ngoma zikaletwa na mtu wa zumari akaitwa kutoka kwake. Bwana Ghanima alipandishwa kwa ngazi, wanaume wanne wakimsukuma kwa nyuma, na Tufani akageuza shingo kumtazama kwa mshangao wa kweli. Mji mzima ulitoka. Watoto walivalishwa nguo za Idi. Nilipoona hivyo nilimwendea Bwana Ghanima, nikashika kikuku cha tandiko lake, nikamwomba aondoke peke yake, haraka, watu wabaki.

“Ndani ya Kwatoni hakuna haraka, mgeni wangu,” alinijibu kwa upendo. “Tunakwenda. Huoni tunakwenda?”

Walikuwa wakienda kweli, mwendo wa bibi harusi. Nikasema basi mimi natangulia kwa miguu. Vijana wawili wakanishika mabega, bila ukali wowote, wakanieleza kwamba farasi akiwa barabarani hakuna binadamu anayempita mbele, na lango la mji ni moja. Hapo nikaelewa nilichokiomba. Asubuhi nilikuwa na njia mbaya ya kutwa nzima. Sasa nilikuwa na farasi, na farasi ameniziba njia.

Nilitembea nyuma ya mkia ule, naomba, nahesabu nyumba, naanza tena kuomba. Tulipita chini ya dirisha la Bi Kibibi. Alijitokeza, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, akanitupia swali kwa macho, nami nikamwonyesha mkia uliokuwa mbele yangu. Nyuma yake Salme alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu ninayemfahamu. Tufani alisimamisha masikio. Ngoma zikanyamaza, msafara ukasimama, na mzee mmoja akatoka pembeni, akaenda dirishani, akamwomba Bi Kibibi kwa adabu amwambie mgonjwa apunguze sauti, kwani farasi wake yuko njiani.

Sitaki kuandika nililolifikiria wakati ule. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa barabarani, na watoto pia.

Tulifika langoni jua likiwa utosini. Nje ya lango niliiona njia, nyeupe, inateremka hadi mtoni, haina mtu. Tufani alikifikia kizingiti, akanusa hewa ya nje, akageuka. Hakuvutwa wala hakuamriwa. Aligeuka mwenyewe, kama alivyogeuka hapo kila sikukuu ya maisha yake, na Kwatoni nzima ikapiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Bwana Ghanima, uso umelowa, alifungua mfuko wa tandiko, akatoa mkoba wa ngozi mkuukuu, mkoba wa daktari wa zamani, akainama kutoka juu akaniwekea mikononi.

“Tumemleta,” alisema.

Niliufungua. Ulikuwa umejaa majani makavu.

Nilimtazama usoni, nikitafuta mzaha au aibu. Sikuona hata kimoja. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetimiza jambo ambalo baba zake hawakupata nafasi ya kulitimiza, na alikuwa akinisubiri nifurahi naye. Niliuangusha mkoba, nikapita chini ya shingo ya Tufani, nikatoka langoni nikikimbia. Nyuma yangu nilisikia watu wakishangaa kwa sauti moja. Walishangaa kwamba nimekimbia.

Daktari wa Bondeni alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, Daktari Rahili. Sikumaliza kueleza. Alichukua mkoba wake, akampanda punda wake, akamchapa, nami nikakimbia ubavuni nikishika ukanda wa tandiko. Kwenye lango tulizuiwa, kwa kuwa punda haingii Kwatoni. Daktari aliruka chini, akamwachia mlinzi kamba kabla hajafumbua mdomo, akapita katikati ya barabara, juu ya mchanga, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Usiku ulikuwa umekwisha kuingia.

Bi Kibibi alikuwa amekaa kizingitini. Alipotuona alisimama kumpisha daktari, kisha akanishika mimi nisipite.

“Alikuja adhuhuri,” aliniambia. “Wa kiume. Alivuta pumzi, baba, nilimwona akivuta. Nilimpulizia, nikamsugua, nikamfunga kifuani mwangu apate joto. Alikuwa mdogo mno. Sikuwa na cha kumpa.”

Alilia, mama wa watu, akinishika shati kana kwamba ndiye aliyenikosea. Ndani, Daktari Rahili alifanya kazi mpaka usiku wa manane, akaizuia damu, akatoka akinawa mikono. Akasema mama atapona. Nilimwuliza kama angefika mchana ingekuwaje. Alijifuta kila kidole.

“Usiniulize hilo leo,” alisema.

Tulimzika mtoto alfajiri, nyuma ya shamba la nyasi, kwa kuwa makaburi ya mji ni ya Watu wa Tandiko. Bi Kibibi na jirani zake wa Majani ndio waliochimba.

Nilikuwa nimekaa na Salme, yeye amegeukia ukuta, niliposikia vyuma vya visigino vikipanda ngazi. Bwana Ghanima aliingia, kofia mkononi, amevaa nguo za Baraza. Alisema farasi wamelala wima. Alisema ametumwa kutoa pole, na nilivyomwona, pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha uso wake ukachangamka.

“Baraza limekaa tena, kwa ajili yenu. Usiku huu kuna farasi wetu amezaa dume. Kwa kuwa jana Tufani alitoka kwa ajili ya mtoto wenu, imeamuliwa, na hatamu zote zililegea, kwamba huyu mtoto wa farasi apewe jina la mwanenu. Heshima hii haijawahi kupewa mtu wa nje. Nimekuja kuuliza jina.”

Niliinuka. Nadhani ningempiga. Salme aligeuka kutoka ukutani, polepole, uso umekauka, akamtazama mzee yule.

“Huyo mtoto wa farasi,” alisema, “akikua atakimbia?”

“Hasha, mama! Atatunzwa.”

“Basi jina la mwanangu halimfai,” Salme alisema. “Mwanangu alikuwa na haraka.”